Sauti Iliyomo Ngomani

Wimbo wa "Monster" uligawiwa bure kwa wasikilizaji mwishoni mwa Agosti 2010, karibu miezi mitatu kabla ya albamu iliyoubeba, "My Beautiful Dark Twisted Fantasy" ya Kanye West, kuingia madukani tarehe 22 Novemba mwaka huo. Wahakiki walipokaa kuiandikia albamu, hukumu juu ya wimbo huu ilikwisha kupita mitaani, na ilikuwa fupi: mwanamke amewashinda wanaume. Mwanamke ni Nicki Minaj, ambaye wimbo ulipotoka hakuwa na albamu hata moja. Wanaume ni West mwenye wimbo, Jay-Z na Rick Ross. Yuko na wa tano, Justin Vernon, mwimbaji wa Bon Iver, lakini huyo hakuhesabiwa mshindani kwa kuwa hakughani, aliimba tu. Wahakiki waliichukua hukumu ya mtaani wakaigongea muhuri.

Siipingi. Ubeti wa Minaj ndio bora katika wimbo ule, na mwenye masikio hahitaji kubembelezwa akubali. Ninalolisema ni kwamba hukumu ile, pamoja na usahihi wake, iliufunika wimbo. Imepita zaidi ya miaka kumi na watu wanautaja ubeti kana kwamba ulighaniwa jangwani, hakuna aliyetangulia wala aliyefuata. Kwa sisi tuliolelewa katika majibizano ya mashairi, hilo ni la kustaajabisha, maana jibu lililotengwa na neno lililolizusha ni nusu ya shairi.

Tuueleze kwanza wimbo wenyewe, kwa ajili ya wasomaji wa kurasa hizi ambao ukipigwa muziki wa kufokafoka huinuka wakazima redio. Mnamo Septemba 2009 West alipanda jukwaani katika sherehe za tuzo za MTV jijini New York, akamnyang'anya kipaza sauti mwimbaji Taylor Swift, na Marekani ikamgeuka. Alijitenga. Mwaka uliofuata akapiga kambi Honolulu, katika visiwa vya Hawaii, akakodi studio na kuwaita wenziwe: wapigaji, watengenezaji wa midundo, waimbaji, waghani. Walioandika habari za siku zile wanasimulia kazi ya usiku na mchana, mstari wa huyu ukipimwa na yule, watu wakila pamoja na kubishana. Msomaji wa Unguja ataijua hali hiyo bila ya kuelezwa zaidi. Ndiyo hali ya klabu ya taarab wiki moja kabla ya Sikukuu. Nawaomba wasomaji waikumbuke, kwa sababu albamu iliyotungwa barazani ilikuja kuhukumiwa kama mechi.

Wimbo una zaidi ya dakika sita. Unafunguliwa na Vernon, sauti yake imepitishwa mitamboni ikawa ya mtu asiyejulikana yuko wapi: anazima taa, anajificha hadi kupambazuke, analalamikia usiku mwingine wa upweke. Anafuata Ross kwa mistari michache, kama mpiga mbiu atangulizwaye mbele ya msafara, anajitangaza mnyonya damu na kupisha njia. Kisha West na kiitikio chake, ambacho maana yake, ukikiondolea tusi lake, ni kwamba kila mtu anamjua kuwa yeye ni zimwi. Kisha ubeti wa West, ubeti wa Jay-Z, ubeti wa Minaj, na Vernon tena mwishoni. Mdundo ni wa ngoma nzito zilizoachana, zenye nafasi pana katikati, kiasi kwamba anayeghani hana pa kujificha.

Nimeandika "zimwi", na neno hilo halikuja kwa wepesi. Kwa muda nimekuwa nikiufasiri wimbo huu, si kwa kuuchapa, bali kuona utasimamaje kwa Kiswahili, na kazi ilianza kwa kugombana na jina lake. Dubwana ni ukubwa tu, tena ukubwa wa kuchekesha. Jitu lina nguvu bila ya hila. Nunda, yule mla watu wa kisa cha Sultani Majinuni ambacho Edward Steere alikichapa mwaka 1870 kutokana na wasimulizi wa Unguja, ni mnyama, na kazi yake ni kula. Zimwi ndilo lililobaki. Zimwi letu hula watu, lakini pia husema, hudanganya, hujifanya mtu, huingia mjini likakaribishwa chakula. Na zaidi ya yote, zimwi huweza kuwa la hapa hapa: wahenga hawakusema lisilokujua, walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hilo ndilo jambo lililomo katika kiitikio cha West. Yeye si kitisho kilichotoka msituni. Ni kitisho ambacho watu wanakijua kwa jina na kwa sura, wamekifuga kwa makofi, na sasa wanalaumu kuwa kinauma.

Nilipokwisha kuliweka neno hilo, beti nazo zilianza kusema mambo ambayo tahakiki hazikuniambia.

Ubeti wa West ni wa majivuno. Anajiweka juu ya walio hai na waliokufa, kisha anateremka kwenye matusi ya chumbani ambayo sitayafasiri hapa wala kwingineko. Si kwa sababu ya haya peke yake. Matusi yale hayatishi. Ni ya mtu anayepaza sauti kwa kuhofu kwamba asipopaza hatasikika, na ukitoka kwa Vernon mwenye usiku wake wa upweke unaona kwamba kelele hizo zinaufunika upweke uleule. Ukimtoa Vernon mwanzoni, West anabaki mlevi wa sifa. Ukimwacha, West anakuwa zimwi lenye kiwewe. Wahakiki wachache mno waliisikia kamba hiyo baina ya wawili hawa, kwa sababu walikwisha kumwondoa Vernon katika orodha ya washindani.

Jay-Z alichekwa. Ubeti wake unaanza kwa orodha ya viumbe vya kutisha vya sinema na ngano za kigeni, kimoja baada ya kingine, kama mtoto anayesoma majina ya wanyama katika picha ya ukutani darasani. Wengi walikomea hapo. Lakini orodha inapokwisha ubeti unageuka: tajiri anawatazama watu aliowatajirisha, nao wanamzunguka kutaka damu yake, na inapoulizwa mahali pake dhaifu ni wapi, kisigino chake kama cha yule shujaa wa Wayunani, anajibu kwamba ni mapenzi. Huyu ndiye zimwi pekee katika wimbo mzima linalokiri njaa isiyokuwa ya nyama. Sisemi kuwa ubeti ni mzuri. Umechelewa kufika unakokwenda, na orodha ile haisameheki kwa mtungaji wa kimo chake. Hata hivyo unafanya kazi ambayo bila yake yanayofuata yasingewezekana: umeyataja mazimwi kwa majina mpaka msikilizaji amekinai majina. Ndipo anapoingia mtu ambaye hataji zimwi. Anakuwa.

Minaj anaingia kwa mwendo wa kawaida, na katika mistari yake ya mwanzo anakitaja kisiwa cha bahari yetu, Sri Lanka, jambo lililonifurahisha kuliko linavyostahili. Kisha sauti inagawanyika. Moja ni nyembamba na tamu, ya mwanasesere; nyingine inatoka tumboni na kunguruma kwa matamshi ya Karibi. Hazipokezani kwa taratibu, zinakatizana. Ile ya kwanza inauliza, kwa unyenyekevu wa uongo, iwapo ni kweli yeye ni mwanafunzi tu katika kazi hii. Ya pili inajibu kwa hesabu: ujira wa dola 50,000 kwa ubeti mmoja, na albamu bado hana. Yaani ndani ya majibizano ya watu wanne ametia majibizano ya mtu mmoja. Anajiuliza kwa mdomo wa wanaomdharau na kujijibu kwa mdomo wake, na anapofika mwisho, midomo yote miwili imekuwa ukelele mmoja.

Anayehesabu mizani atapata tabu hapa. Mstari mmoja una silabi chache zilizovutwa mpaka zikakaribia kukatika. Unaofuata umejazwa silabi kama daladala ya Darajani saa ya watu kutoka kazini. Na yote miwili inatua katika pigo lile lile. Kwa hiyo mizani ipo, ila imo katika ngoma, haimo katika silabi. Nimewasikia wazee wa fani wakisema kwamba mashairi haya hayana sheria. Yana sheria kali kuliko wanavyodhani: ukichelewa nusu ya pigo, msikilizaji wa miaka 15 atakuzomea. Lakini sheria hiyo haichapiki, na hapa ndipo mfasiri anapokwama. Nilipata maneno ya Kiswahili kwa kila alichokisema Minaj, nikapata na vina, na nilichokipata kilikuwa mtu anayejisifu. Sauti mbili zilibaki kwa mwenyewe. Ningeweza kuzigawa kwa lahaja, moja nikaipa Kiunguja cha mjini, cha kujikunja, na nyingine Kimakunduchi kisichobembeleza, na bado naona hiyo ndiyo njia iliyo karibu zaidi. Ila itahitaji msomaji anayesoma kwa kinywa.

Turudi kwa wahakiki. Kuuliza nani kashinda hakukuzuka mwaka 2010. Mwaka 1988 mtengenezaji midundo Marley Marl aliwakusanya Masta Ace, Craig G, Kool G Rap na Big Daddy Kane katika "The Symphony", na mashabiki wameubishania wimbo huo tangu hapo. Katika "Scenario" ya A Tribe Called Quest, iliyomo katika albamu yao ya 1991, kijana Busta Rhymes alipewa nafasi ya mwisho akanguruma mpaka watu wakawasahau wenye wimbo. Jay-Z mwenyewe alikwisha kuionja shubiri hiyo: mwaka 2001 alimwalika Eminem katika "Renegade", na kabla ya mwaka kwisha hasimu wake Nas akamsuta hadharani kuwa amezidiwa nyumbani kwake. Kwa hiyo alipoingia katika "Monster" alikuwa anajua vizuri sana mgeni anaweza kufanya nini.

Ila mifano hiyo inatufundisha jambo ambalo walioitaja hawakulishughulikia. Nafasi ya mwisho haiokotwi njiani. Hupangwa, na mpangaji ni mwenye wimbo. West alikuja kusema katika mahojiano kwamba aliwahi kufikiria kuuondoa ubeti wa Minaj, kwa kuhofia kwamba ungesemwa kuwa ndio bora katika albamu yake. Hakuuondoa. Aliuweka pale ambapo hakuna atakayeghani baada yake, baada ya kiitikio kimezoeleka, baada ya Jay-Z kumaliza majina yote. Utamwita mshindwa mtu aliyemjengea mwenziwe jukwaa la kumshindia? Hilo lilikuwa tendo la utungaji, pengine tendo bora la utungaji alilolifanya West katika wimbo mzima, kwa kuwa ubeti wake mwenyewe si kitu. Lakini tahakiki zilizomhesabu kwa mistari aliyoighani zilimwandikia sifuri mahali alipofanya kazi.

Albamu yenyewe ilimwagiwa sifa. Pitchfork waliipa 10 kwa 10, Rolling Stone nyota 5, na kura ya wahakiki iliyokuwa ikiendeshwa na gazeti la Village Voice iliiweka ya kwanza kwa mwaka ule. Namba hizo zina maana kwa wauzaji. Ninazitaja ili kuonyesha kwamba waliouhukumu wimbo kwa jicho la mechi hawakuwa wapita njia. Ndio waliokuwa na vyeo vya kuhukumu.

Halafu liko lile neno "mwanamke". Sifa aliyopewa Minaj ilikuwa shubiri iliyopakwa asali. Aliandikwa kama mwujiza, kama kwamba mwanamke kughani hivi ni jambo la kutazamwa kama kupatwa kwa jua. Mwanamume anapoghani vizuri mhakiki humtafutia ukoo: amefunzwa na nani, amemrithi nani. Minaj alitafutiwa ukoo mara chache, na nusu ya ukoo wenyewe haukutajwa. Alizaliwa Port of Spain, Trinidad, mwaka 1982, na akapelekwa Queens, New York, akiwa na miaka mitano. Trinidad ni kisiwa cha watu wa kujibizana kwa nyimbo. Waimbaji wao wa kalipso hupambana kwa kutunga papo hapo mbele ya hadhira, na katika kanivali yao yumo mhusika wa zamani aitwaye Midnight Robber, avaaye joho na kofia pana kama mwavuli, ambaye huwasimamisha wapita njia na kuwamiminia hotuba ndefu ya majigambo na vitisho, juu ya maajabu ya kuzaliwa kwake na maangamizi aliyoyaleta duniani, mpaka wamtoe fedha. Soma maelezo hayo tena kisha uusikilize ubeti wa Minaj. Sidai kwamba mtoto wa miaka mitano aliibeba fani nzima mfukoni. Nasema kwamba mtu anayegeuza sauti, anayejigamba kwa vitisho vya kuchekesha na kutisha kwa pamoja, na anayemaliza kwa kudai ujira, ana jamaa zake, na mhakiki wa kazi hiyo anapaswa kuwaulizia. Sisi watu wa visiwani tungekuwa wa kwanza kuuliza.

Kuna ngano ambayo wasomaji wengi waliisikia utotoni. Wasichana walikwenda pwani kuokota makombe. Mmoja alisahau kombe lake juu ya jiwe, wenziwe wakakataa kumngoja, akarudi peke yake akiimba ili kujipa moyo. Zimwi likaisikia sauti, likaipenda, likamtia msichana ndani ya ngoma, likawa linazunguka mji kwa mji. Lilipopiga ngoma, msichana aliimba. Watu walistaajabu kwa uzuri wa ile ngoma na kuliandalia zimwi chakula. Hatimaye likafika mji wa wazazi wake, nao wakaitambua sauti.

Katika kuufasiri wimbo huu ngano hiyo haikuniacha. Biashara ya muziki huko Marekani ina utaratibu wa mgeni kualikwa katika wimbo wa mwingine: ngoma ni ya mwenyeji, jina kubwa ni la mwenyeji, sauti ni ya mgeni. Minaj alikuwa ameishi kwa utaratibu huo. Kabla ya albamu yake "Pink Friday", iliyotoka siku moja na ya West, alijulikana zaidi kwa beti alizoghani katika nyimbo za watu. Ndiyo maana kutaja dola 50,000 si majivuno matupu. Ni msichana wa ngomani anayetangaza bei ya sauti yake kwa sauti ile ile, katikati ya wimbo, mbele ya mwenye ngoma. Hapo ndipo ninapousikia uzito wa wimbo, na hapo ndipo pasipoweza kusikika ukimtoa nje ya ngoma.

Filamu ya wimbo ilizidi kuyavuruga mambo. Iliyoongozwa na Jake Nava ilivuja Desemba 2010 kabla ya kukamilika, na ilipotolewa rasmi Juni 2011 ilitanguliwa na tangazo kwamba ni kazi ya sanaa isiyokusudia kuwadhalilisha wanawake. Lilihitajika: ndani yake wamejaa wanawake waliokufa, wengine wananing'inia, wengine wamelazwa kitandani kama mito. Wanaharakati walikusanya saini kuipinga, na walikuwa na haki. Mtu akiweka maiti za wanawake kuwa pambo la chumba, tangazo la mistari miwili halimtakasi. Lakini tazama anayeghani humo. Minaj anaonekana mara mbili, mmoja amefungwa kitini katika waridi na weupe, mwingine amevaa nyeusi na kumzunguka kwa vitisho. Katika nyumba ya wanawake wasio na sauti, mwenye sauti amepewa mtu mmoja tu wa kumtisha, naye ni yeye mwenyewe. Wahakiki waliousifu ubeti na wanaharakati walioilaani filamu waliandika kana kwamba wanazungumzia vitu viwili. Mimi naona ni swali moja: sauti ile ilikuwa na uhuru kiasi gani ndani ya ngoma ile? Ubeti unajibu hivi, filamu inajibu vile, na wimbo umebeba majibu yote mawili.

Sisi wa pwani tuna zana za kulikabili swali la namna hiyo, ingawa hatuzitumii kila siku. Mwaka 1995 Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff walitoa kitabu cha "Mashairi ya Vita vya Kuduhu", chenye tungo walizorushiana washairi wa Mombasa, Lamu na Pate zama za Muyaka bin Haji na Bwana Zahidi Mgumi. Ukizisoma tungo hizo mojamoja, nyingi ni mafumbo yasiyofunguka. Ukizisoma kwa kufuatana, kila moja inaishika nyingine mkono. Kina kilichoachwa na huyu kinaokotwa na yule. Tusi linarudishwa likiwa limegeuzwa nguo. Hakuna mwenye akili anayezisoma ili kutoa kikombe. Vivyo hivyo kundi la Siti binti Saad, lililokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928: nyimbo zao zilitungwa kwa kusaidiana, na jina lililobaki midomoni mwa watu ni la Siti. Tunamsifu Siti, na tunastahili kumsifu, lakini anayetaka kuzihakiki nyimbo zile lazima ausikie na udi wa Mbaruku ulipokuwa unamwachia nafasi.

Siku hizi kuutenga ubeti kumepata sababu mpya. Tangu 2022, West, ambaye mwaka mmoja kabla alibadili jina lake kisheria akawa Ye, amejiharibia kwa matamshi ya chuki dhidi ya Wayahudi, na wapenzi wengi wa zamani hawataki tena kuonekana na albamu zake. Nawaelewa. Lakini ninapowaona baadhi yao wakiuokoa ubeti wa Minaj kutoka katika wimbo, kama mtu anayechopoa samaki mmoja katika mchuzi uliochacha, nauliza wanadhani wameokoa nini. Mchuzi umo ndani ya samaki. Majigambo yale yamejibu majigambo ya West, unyenyekevu wa uongo umejibu dharau iliyokuwemo chumbani, na ngurumo imejibu orodha ya Jay-Z. Anayeutaka ubeti auchukue na deni lake.

Kwa upande wangu, wimbo huu ni kazi kubwa yenye makosa ambayo sioni haja ya kuyaficha. Kiitikio kinarudi mara nyingi kuliko uzito wake. Ubeti wa West ungepungua nusu na hakuna ambaye angeulizia. Minaj naye anataja viatu na mavazi ya anasa ambayo majina yake yamekwisha kuchakaa, na msikilizaji wa miaka 20 ijayo atahitaji sherehe kama tunavyohitaji sherehe kwa mapambo ya tenzi za kale. Ross sina la kumwongezea.

Na baada ya ukelele wa Minaj wimbo hauishi. Katika tahakiki nilizozisoma sikumbuki hata moja iliyokaa hapo. Zote zimekwishaondoka uwanjani na mshindi mabegani. Vernon anarudi, safari hii sauti yake imekunjuka, inapanda juu ya ngoma zile zile. Anasema amevuka mpaka na kwamba anamwachia Mungu aamue. Anasema mambo haya hatayaweza, na kwa hiyo anarudi nyumbani.

Kwa Kiswahili mistari hiyo ilikuja yenyewe, na sikuibadilisha neno.